Limburg: kupanda kinga mahali wachimba makala walishuka

Mutu wa Lubumbashi akisikia neno terili, anaona ile moja tu: mulima mweusi wa mabaki ya shaba karibu na shemine ndefu, ule ambao msafiri anauona mbali mbele ya kufika mujini. Hakuna anayepanda pale juu ya kupunga hewa. Sasa kule Ubelgiji, katika jimbo la Limburg, kuko terili ambayo siku ya Mungu inajaa watu: baba na batoto yake, vijana wenye kofia ngumu kichwani, wazee wa miaka 70, kila mutu na kinga yake. Wanapanda na kuhema, wanashuka na kupiga makelele. Ni terili ya Beringen. Iko na metre 60 ya kwenda juu, na mugodi ulioitapika ulifungwa mwaka 1989.

Habari hii tunaileta kwenu, bababa na bamama wa migodi, si juu ya kuwaonyesha vile Wazungu wanapitisha siku zao za mapumziko. Ni juu ya njia yenyewe. Ukiifuata siku mbili bila haraka, kutoka Lommel kaskazini mpaka Alden Biesen kusini, unapita pori, unapita dembo na maziwa, unafika kwenye makasri ya wakubwa wa zamani, na karibu kila pahali gurudumu yako inakanyaga kazi ya mutu wa mugodi. Wengi wanaokuja kutembea pale hawaoni hilo. Ninyi mungeliona siku ya kwanza.

Chini ya mchanga

Limburg iko kaskazini-mashariki ya Ubelgiji, mpakani na Uholanzi. Nusu yake ya kaskazini ni sehemu ya inchi inayoitwa Kempen: inchi ya chini, tambarare, mchanga mutupu. Mukulima wa zamani alikuwa anatoa jasho mingi na kuvuna kidogo. Mwaka 1901, katika kijiji cha As, watu wa profesa André Dumont walitoboa udongo mpaka metre 541 na kukuta makala ya mawe. Kisha migodi saba ilifunguliwa: Winterslag, Waterschei, Zwartberg, Eisden, Houthalen, Zolder na Beringen.

Watu wa kutosha hawakuwako. Wakaja Wapolonia, Waitalia, Wagiriki, Wahispania, na tangu mwaka 1964 Waturuki na Wamoroko kwa mikataba ya serkali. Kampuni ziliwajengea kambi: nyumba za kufanana zenye bustani ndogo, masomo, kanisa kubwa kupita kijiji chenyewe, na pembeni, chini ya miti, nyumba pana za maenjenia. Mutu aliyekulia kambi ya Union Minière, ile iliyokuwa kisha ya Gécamines, hahitaji kuelezewa zaidi. Leo njia ya kinga inapita katikati ya kambi hizo. Kule Winterslag, kwenye barabara ya Vennestraat, duka la Mturuki na duka la Mtaliano yamepangana mulango kwa mulango, na hiyo peke yake inatosha kumufanya mutu ashuke kwenye kinga.

Miti iliyopandwa juu ya dari

Pori la Kempen linadanganya macho. Unaingia ndani, baridi inakupiga, harufu ya utomvu inakuja, unafikiri ni pori la Mungu. Angalia vizuri: miti imesimama mistari kwa mistari kama askari. Ni misonobari, na watu njo walioipanda, hekta kwa hekta, mahali palikuwa majani mafupi ya kulisha kondoo. Sehemu kubwa ilipandwa juu ya migodi. Mugodi wa makala unakula mbao bila kushiba. Kila galeri mpya inaomba nguzo za kushikilia dari.

Juu ya nini msonobari? Unakomaa haraka kwenye mchanga mubaya, na uko na tabia moja ambayo wachimbaji waliipenda kuliko zote: unalia mbele ya kuvunjika. Dari ikianza kulemea, nguzo inatoa sauti, krr, krr, na mutu anapata dakika ya kukimbia. Chuma inakunjika bila kuaga. Wale wetu walioshuka Kipushi wanajua dakika hiyo inapimwa kwa nini.

Leo miti hiyo haiendi tena chini. Imebaki kuzeeka na kutoa kivuli kwa wenye VTT, ndio kusema kinga ya njia mbaya: mipira minene ya santimetre tano na nusu au sita, upepo kidogo ndani ili gurudumu isizame, na ressort mbele ya kumeza mizizi. Kwa mchanga wa Kempen mipira miembamba haifai kitu. Wapanda kinga wa kule wanasema usivunje mwendo, usikate kona kwa nguvu, acha kinga ijitafutie njia. Wale wanaosukuma makala kutoka pori kuja Lubumbashi, na magunia marefu kupita vichwa vyao, walivumbua elimu hiyo zamani, tena kwa kinga iliyoongezewa fer à béton, bila ressort hata moja. Nani kati yao na hawa eko mwanamichezo zaidi, mimi ninajua jibu langu.

Katika pori kubwa linaloitwa Bosland, karibu na Hechtel-Eksel, walifungua mwaka 2019 daraja la kinga ndani ya miti. Ni njia ya metre 700 inayozunguka kama konokono mara mbili, inapanda polepole mpaka metre 10, kisha inashuka. Mupando ni mdogo hata mutu wa kiti cha magurudumu anafika juu, sawa na vichwa vya misonobari.

Si mbali, pale Lommel, kuko pahali wanapaita Sahara: mchanga mweupe na ziwa la maji ya buluu. Watoto wanacheza, watu wanapiga picha. Haikuwa uzuri wa asili. Moshi wa kiwanda cha zinki uliua majani na miti, kisha kuchimba mchanga kukamaliza kazi. Misonobari iliyo pembeni ilipandwa juu ya kuzuia mchanga usiruke na kufunika mashamba. Mukaaji wa Lubumbashi anayejua ile upande ambako moshi wa shemine ulikuwa unaelekea, udongo mwekundu bila jani, asome tena sentensi hizi.

Namba za Hugo Bollen

Sasa jambo ambalo lilinifurahisha kupita yote. Ukifika kwenye njia panda yoyote ya Limburg, unakuta kibao kidogo chenye namba. Chini yake kuna namba za njia panda zinazofuata, na mishale. Mutu anaketi nyumbani, anaandika namba tano au sita kwenye kipande cha karatasi, anakifunga kwenye guidon, anaenda. Hakuna kupotea, hakuna kuuliza, hata lugha ya wenyeji hauhitaji kuijua. Ukichoka unakata, unachukua namba ya karibu na kurudi.

Mupango huu ulianza Limburg mwaka 1995. Kutoka pale ulienea Ubelgiji upande wa Flanders, ukavuka Uholanzi, ukafika Ujerumani. Aliyeufikiri ni Hugo Bollen, na kazi yake ya kusomea ilikuwa uenjenia wa migodi. Mutu aliyetumika chini hashangai. Kule hakuna jua, hakuna mulima wa kutazama, kila njia inafanana na ingine. Kinachokuokoa ni kujua umesimama kwenye njia panda gani na inayofuata ni ipi. Elimu ya giza ilipanda juu, na leo mama wa miaka 60 anaitumia kwenda kula gato kijiji cha pili.

Juu ya mawe meusi

Turudi Beringen. Majengo ya mugodi yangali yamesimama: minara ya kushushia watu, kiwanda cha kuosha makala, nyumba ya bafu. Ndani mlifanywa musée, na kati ya wanaotembeza wageni kuko watu waliotumika chini wenyewe. Tangi moja ya zamani, iliyokuwa ya maji machafu ya makala, imejazwa maji safi na samaki wa rangi; watu wanalipa kuzama ndani na chupa ya hewa mgongoni. Bwana! Mimi ningelipa kutozama.

Upande mmoja wa terili ulifunguliwa mwaka 2016 kuwa pahali pa mchezo. Wamesimamisha mamia ya nguzo za mbao kwenye mteremko, sawa vile zilikuwa galerini, na batoto wanapanda kwa kushika nguzo kwa nguzo. VTT ziko na njia zao. Mawe ya terili ya makala ni bapa, meusi, yanateleza chini ya mpira kama vipande vya sahani, na mvua ikinyesha ni mbaya zaidi. Kupanda inaomba mapafu. Kushuka inaomba roho. Breki ya mbele ukiikamata yote, utafika chini mbele ya kinga yako.

Njia za VTT ziko na alama zao: pembetatu na miviringo miwili, na rangi. Kijani ni ya wanaoanza, kisha buluu, kisha nyekundu, na nyeusi ni ya wenye kujua. Kutoka nje ya alama hakuruhusiwi, juu ya ndege wanaotaga chini na majani yanayoota polepole. Wakati wa baridi kunakuwa mashindano ya cyclo-cross palepale mugodini, ule mchezo ambao mutu anapanda kinga ndani ya matope, anashuka, anaibeba begani, anakimbia, anapanda tena. Majirani wao wa Heusden-Zolder walipokea mashindano ya dunia ya cyclo-cross mwaka 2002 na tena mwaka 2016. Ni katika yale ya 2016 njo walivumbua, kwa mara ya kwanza katika mashindano makubwa, moteri ndogo iliyofichwa ndani ya bomba la kinga. Katika muji uliokuwa na mugodi wa mwisho wa makala wa Limburg, mutu alitaka kupanda bila kutoa jasho.

Dembo na maji

Ukiacha Zolder na kuelekea Genk, udongo unakuwa chini na maji yanatokea kila upande. Sehemu hiyo inaitwa De Wijers, inchi ya maziwa 1001. Maziwa hayo pia si ya asili. Tangu zamani za kati watu walichimba, wengine wakitafuta mawe ya chuma yaliyo karibu na uso wa udongo, kisha wakaacha mashimo yajae maji na kufuga samaki carpe. Monasteri zilikuwa na maziwa yao, sababu siku za kufunga nyama mutu alihitaji samaki. Ni matete, ni vyura wadogo wa kijani wanaokaa juu ya miti, ni ndege wa matete ambaye sauti yake inafanana na mutu anayepuliza chupa tupu. Njia ni nyembamba, juu ya vitu vya mbao kwenye matope. Hapa VTT inaenda polepole, na ni vizuri iende polepole.

Karibu na kasri ya Bokrijk, mwaka 2016, walikata ziwa katikati. Njia ya metre 212 inashuka ndani, na maji yanabaki kushoto na kuume sawasawa na macho ya mwenye kinga. Bata anaogelea kando ya sikio lako. Kuta mbili za beto, na kati yake hewa kavu. Mutu wa mugodi atajiuliza mara moja pompe iko wapi.

Bokrijk yenyewe ni shamba kubwa ambalo jimbo lilinunua mwaka 1938. Tangu miaka ya 1950 wanakusanya pale nyumba za zamani za vijijini, wanazibomoa kwao na kuzisimamisha tena, jiwe kwa jiwe. Kasri ni ya mwisho wa karne ya 19, ya matajiri, minara mingi na kazi kidogo.

Kasri ya kweli iko kusini zaidi. Ukipita Bilzen, mchanga unaisha, udongo unakuwa muzuri, miti ya matunda inaanza. Mwezi wa ine yote ni maua meupe. Njia za kinga zinashuka ndani ya mitaro mirefu ambayo magari ya farasi na mvua vilichimba kwa miaka mia na mia, mpaka mutu anapita chini ya mizizi ya miti. Halafu Alden Biesen inatokea, imezungukwa na maji. Ilianzishwa mwaka 1220 na shirika la wapiganaji wa dini wa Kijerumani. Moto uliiunguza mwaka 1971, serkali ikainunua na kuitengeneza. Ni nzuri, kweli. Lakini nikilinganisha na mnara wa Winterslag au ule wa Beringen, najua ni jengo gani liliwapa watu wengi chakula.

Nani alilipa

Usifikiri mugodi ulifungwa asubuhi na njia ya kinga ikaota mangaribi. Mwaka 1966, walipotangaza kufunga Zwartberg, watu walisimama, jandarmeri ikaja, na wachimbaji wawili wakafa. Baada ya damu hiyo njo serkali ilikubali kwa maandishi kwamba mugodi hautafungwa pasipo kazi ingine. Miaka ya 1980 ilipofika, migodi iliyobaki ilikuwa ingali na watumikaji zaidi ya 15,000. Walipewa pesa ya kuondoka, kila mutu yake. Zolder ilifunga ya mwisho mwaka 1992. Lakini sehemu ya pesa ya kufunga haikugawanywa. Mwaka 1994 iliwekwa katika kampuni ya jimbo, LRM, kwa kazi ya kuanzisha vitu vipya palepale. Majengo ya Waterschei yakawa ya mafundi wa teknolojia, ya Winterslag yakawa ya sinema na shule ya sanaa.

Na bado kinga haikurudisha kazi 15,000. Inalisha vikafe, nyumba za wageni, wanaotengeneza magurudumu. Kiwanda cha magari cha Ford kule Genk, ambacho kilichukua watoto mingi wa wachimbaji, kilifunga mwaka 2014, zaidi ya watu 4,000 nje. Limburg inajua kulia mara mbili.

Kwetu, mwaka 2003 na 2004, zaidi ya watumikaji 10,000 wa Gécamines walitoka kwa ile départ volontaire. Habari hiyo hakuna wa kuwafundisha, kila kambi iko na hesabu yake. Pesa iligawanywa kwa mutu mmoja mmoja, na ilikwisha kwa mutu mmoja mmoja. Code minier ya 2018 imeleta kitu cha namna ingine: kampuni inaweka asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya wakaaji, na asilimia 10 ya redevance inaenda kwenye mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Pesa hiyo inahesabiwa wakati mugodi ungali unatoa mawe. Siku unafungwa, hakuna mauzo, hakuna asilimia. Kwa hiyo mwenye kuuliza hesabu aulize sasa, wakati camion zingali zinapita.

Tena, tafadhali, mutu asisome hapa na kupeleka batoto kupanda kinga juu ya terili yetu. Mabaki ya makala ni mawe zaidi. Mabaki ya shaba, kobalti na zinki ni jambo lingine, na Kempen inalijua vizuri. Viwanda vya zinki vya kule vilikuwa vinawapa watu majivu yao bure, na watu wakayamwaga kwenye njia na mbele ya nyumba ili kukaza mchanga. Yalikuwa na kadmiumu na risasi. Mpaka leo wanayang'oa, barabara kwa barabara. Na upande wa Kempen ulio katika jimbo la Antwerpen kuko Olen, ambako Union Minière ilianza kusafisha radium mwaka 1922. Mawe yake yalitoka Shinkolobwe, yalichimbwa na mikono ya watu wa hapa. Kijito cha Olen kilibaki na radium kwenye udongo wake. Wamechimba, wamefunika, wamepima, na wanapima tena, miaka mia baadaye.

Hapa Lubumbashi, katika kartie ya Penga Penga, ndani ya ile eneo ambako moshi ulikausha kila kitu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kupanda miti na majani yanayovumilia shaba. Hawakupanda hivihivi: walichimba, waliweka mbolea na chokaa kwanza, ndipo mche. Kuna miti iliyokufa na kuna iliyoshika.